Usalama wa Uwanja Huanza Barabarani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu askari wa Jeshi na wa Polisi mlio kambini, vituoni na malindoni, katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu nchi jirani hatutasema habari za mipaka wala za mikutano ya wakuu. Tutasema habari za magari. Tutaeleza jinsi magari yanavyofika kwenye viwanja vikubwa vya michezo, yanavyoegeshwa, na yanavyoondoka. Na kwa nini jambo hilo linaloonekana dogo limekuwa, katika nchi zinazotuzunguka, jambo la kufa na kupona.

Mwezi wa Agosti, 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana kuandaa Michuano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Mchezo wa kwanza ulichezwa hapa Dar es Salaam katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na wa mwisho ukachezwa Kasarani, Nairobi, ambako Morocco iliifunga Madagascar mabao 3 kwa 2. Kwa mpira, michuano ilifana. Lakini Kasarani palitokea pia jambo la kutia mashaka. Watu wasiokuwa na tiketi walivunja vizuizi na kuingia uwanjani kwa nguvu, na Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika likaamuru idadi ya watazamaji ipunguzwe hadi 27,000, ijapokuwa uwanja ule unaweza kuchukua watu wengi zaidi ya hao.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza Kasarani kupata misukosuko. Tarehe 13 Septemba, 2022, alipokuwa akiapishwa Rais wa Kenya, watu walianza kusukumana langoni tangu alfajiri, na makumi yao wakaumia. Tarehe 16 Oktoba, 2025, mwili wa marehemu Raila Odinga ulipowasili kutoka ng'ambo, mpango wa kuuaga katika majengo ya Bunge ulibadilishwa ghafula, na umati mkubwa ukaelekea Kasarani, wengi wao kwa miguu. Malango yalizidiwa, askari wakafyatua risasi na mabomu ya machozi, na kwa habari zilizotangazwa watu wasiopungua watatu walipoteza maisha.

Tukitoka Kenya tukaelekea kusini, tunakuta Malawi. Tarehe 6 Julai, 2017, Malawi ilikuwa ikisherehekea siku ya uhuru wake katika uwanja mpya wa Bingu, mjini Lilongwe. Kiingilio kilikuwa bure. Malango yalitakiwa yafunguliwe saa 12 na nusu asubuhi, lakini yalichelewa kwa muda wa saa tatu hivi. Maelfu ya watu walirundikana nje, wakaanza kusukumana, na watu 8 wakafa, wengi wao wakiwa watoto. Huko Zambia, mwezi wa Juni, 2007, watu 12 walikufa katika uwanja wa Konkola, mjini Chililabombwe, si wakati wa kuingia bali wakati wa kutoka, baada ya mchezo kwisha na timu yao kushinda. Na huko Kinshasa, tarehe 29 Oktoba, 2022, katika Uwanja wa Mashujaa wenye nafasi ya watu 80,000, watu 11 walikufa kwenye onyesho la muziki. Kati ya hao 11, wawili walikuwa askari polisi waliokuwa kazini.

Wala tusijifanye kwamba sisi tuko salama, tukiwanyoshea wenzetu kidole. Hapa kwetu, tarehe 21 Machi, 2021, wananchi walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa, kama Jeshi la Polisi lenyewe lilivyotangaza. Wenzetu wana msiba, na sisi tuna msiba. Somo basi ni la wote.

Mtu anaweza kuuliza: magari yanaingiaje katika habari za watu kukanyagana? Jibu ni kwamba umati unaofika langoni hauangukii pale kutoka mbinguni. Huletwa na barabara. Barabara ikiwaleta watu kidogo kidogo kwa muda wa saa nne, askari wachache watatosha kuwapokea. Lakini barabara ikiziba, halafu ikafunguka dakika 40 kabla ya mchezo kuanza, watu waliotakiwa kufika kwa saa nne watafika kwa nusu saa. Watakuja wakikimbia, wamekasirika, wamelipa tiketi, na ndani wanasikia vigelegele. Hapo langoni hakuna askari awezaye kuwazuia kwa mikono mitupu, wala hakuna busara katika kuwazuia kwa moshi.

Hebu tuitazame hesabu yenyewe, maana askari mzuri hupima kabla hajatoa amri.

Tuseme uwanja una nafasi ya watu 60,000, kama ule wa Mkapa. Tuseme theluthi moja, yaani watu 20,000, wanakuja kwa magari yao wenyewe, watatu katika kila gari. Hayo ni magari 6,700 hivi. Gari moja dogo, pamoja na sehemu yake ya njia ya kuingilia na kutokea, huhitaji kiasi cha mita 25 za mraba. Magari yote hayo yatahitaji ekari zaidi ya 40, sawa na viwanja vya mpira 23 vilivyopangwa kimoja kando ya kingine. Ni mji gani katika Afrika Mashariki wenye eneo kama hilo karibu na uwanja wake? Haupo. Kwa hiyo magari yanayobaki huegeshwa kwenye mitaro, mbele ya nyumba za watu, juu ya njia za waendao kwa miguu, na mahali pabaya kuliko pote, mbele ya malango ya dharura.

Sasa watazameni wale watu 40,000 waliobaki. Wakija kwa mabasi ya watu 60, watahitaji mabasi 667 tu. Na mchezo ukiisha, tofauti itaonekana wazi. Mkondo mmoja wa barabara nzuri, magari yakienda bila kusimama, unaweza kupitisha magari kama 1,800 kwa saa. Lakini kwenye makutano na malango ya uwanja, ni bahati kupata nusu ya hayo. Magari 6,700 yakitoka kwa mikondo miwili, kila mmoja ukipitisha 900 kwa saa, yatamaliza kutoka baada ya saa tatu na dakika arobaini. Mabasi 667, yakipewa mkondo mmoja wao peke yao, hata wakipita 600 tu kwa saa, yatakuwa yamekwisha ondoka baada ya saa moja na dakika chache. Yaani mkondo mmoja wa mabasi utaondoa watu 40,000 kwa muda wa saa moja, na mikondo miwili ya magari madogo itaondoa watu 20,000 kwa muda wa karibu saa nne. Kamanda anayeyapa magari madogo barabara yote kwa sababu wenye magari hayo ni watu wazito, amewatupa wananchi 40,000 gizani.

Iko pia hesabu ya malipo. Katika viwanja vingi dereva husimamishwa langoni ili alipie maegesho. Akitoa noti kubwa, mpokeaji hutafuta chenji. Ikiwa kila gari litasimama kwa nusu dakika tu, mlango mmoja utapitisha magari 120 kwa saa. Malango manne yatapitisha 480. Foleni itarudi nyuma hadi barabara kuu, na barabara kuu ikiziba, basi lililobeba watazamaji 60 litasimama nyuma ya gari la mtu mmoja anayengoja chenji. Dawa yake ni rahisi: waacheni waingie kwanza, fedha zikusanywe wakiwa wamekwisha simama, au tiketi za maegesho ziuzwe siku zilizotangulia.

Sasa tufike kwenye malango ya watu. Waingereza walipata msiba mkubwa tarehe 2 Januari, 1971, katika uwanja wa Ibrox, mjini Glasgow, ambapo watu 66 walikufa wakati wa kutoka. Baada ya uchunguzi, mwaka 1973 walitoa mwongozo wa usalama wa viwanja, ambao umekuwa ukirekebishwa hadi miaka yetu hii. Mwongozo huo unasema kwamba lango moja la kuzunguka, lile linaloruhusu mtu mmoja mmoja, lisihesabiwe kuwa litapitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Uwanja wa watu 60,000 wenye malango 30 ya namna hiyo utahitaji, basi, saa tatu hivi ili kuwaingiza watu wote. Malango yakichelewa kufunguliwa kwa saa mbili, mchezo utaanza huku watu 20,000 wako ndani na watu 40,000 wako nje. Hilo ndilo fumbo la Lilongwe. Watu wa Malawi hawakuwa wakorofi kuliko watu wengine. Saa ya lango ndiyo iliyowaponza.

Mwongozo huo huo unasema kwamba, wakati wa kutoka kwenye ardhi tambarare, njia yenye upana wa mita moja hupitisha watu 82 kwa dakika, na kwenye ngazi watu 66. Lango la mita nne litapitisha watu 328 kwa dakika. Mtu mmoja akiegesha gari lake dogo mbele ya lango hilo, ameondoa karibu mita mbili, na watakaopita hawatafika 200. Wale wengine zaidi ya mia, kila dakika, hawana pa kwenda, nao wanasukumwa na walio nyuma. Watu wakifika zaidi ya watano katika mita moja ya mraba, mtu haendi tena kwa hiari yake. Anabebwa na umati. Akianguka hainuki. Mara nyingi anayekufa katika hali hiyo hafi kwa kukanyagwa; hufa amesimama, kifua kimebanwa hata hawezi kuvuta pumzi.

Mwandishi wa mazungumzo haya aliwahi kushuhudia, nje ya uwanja mmoja asioutaja, gari la wagonjwa likipiga king'ora kwa muda mrefu mbele ya gari dogo jeusi lililofungwa. Mwenyewe alikuwa ndani akitazama mpira, ufunguo mfukoni. Askari kijana aliyekuwa pale alisema maneno haya: "Alinionyesha kitambulisho, nikaona haya kumkataza." Hatimaye vijana wanane walilinyanyua gari lile upande mmoja na kulisogeza. Siku ile mgonjwa alipona. Lakini haya ya askari mmoja ingeweza kuandika jina la mtu kaburini.

Ndugu askari, kutokana na hayo yote, wenye ujuzi wa kazi hii hupanga ulinzi wa uwanja kwa duara tatu. Duara la nje huwa mbali, kilomita moja au mbili kutoka uwanjani. Hapo ndipo magari yasiyo na kibali hugeuzwa, na hapo ndipo mwenye tiketi hutengwa na asiye nayo, kwa upole, kungali na nafasi ya kurudi. Duara la kati ni la waendao kwa miguu. Duara la ndani ni malango na viti. Kosa kubwa lililorudiwa katika nchi nyingi ni kuwarundika askari wote katika duara la ndani, wakilinda lango, huku njia panda ya kilomita mbili nyuma haina hata mtu mmoja mwenye filimbi.

Mabasi yapewe njia ya mzunguko inayokwenda upande mmoja tu: yaingie huku, yashushe, yatokee kule. Yakienda kuegeshwa, yasimame yakitazama mahali pa kutokea, na dereva asiondoke kwenye gari lake. Gari lililoegeshwa likitazama ukuta huhitaji kurudi nyuma na kugeuka, na kugeuka kwa gari moja husimamisha mengine ishirini. Bodaboda nao wapewe kituo chao, mbali na malango, maana tumeona jinsi pikipiki mia mbili zinavyoweza kuufunga mdomo wa njia katika muda wa kufumba na kufumbua, kila mmoja akiita abiria.

Njia ya magari ya wagonjwa na ya zimamoto isiguswe na mtu yeyote, kuanzia uwanjani hadi hospitali. Haitoshi kuiacha wazi mita mia moja kisha ikaishia ndani ya foleni. Na msafara wa viongozi usifanywe kuwa sababu ya kuifunga. Kiongozi afike mapema, au asubiri ndani mpaka wananchi wapungue. Kumsimamisha mtu barabarani kwa saa nzima ili mkubwa apite, kisha kumwambia mtu huyo aingie uwanjani kwa utulivu, ni kumdai ng'ombe maziwa baada ya kumnyima majani.

Mahali pa uwanja nako kuna mafunzo yake. Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, uko kando ya barabara ya Thika, ambayo ni mshipa wa mji wote wa kaskazini. Namboole, huko Uganda, uliofunguliwa 1997 na kukarabatiwa katika miaka hii ya karibuni na wahandisi wa jeshi la Uganda, uko kando ya barabara ya Jinja, njia ile ile ya malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba. Na uwanja wetu wa Mkapa uko jirani na barabara ya Mandela, inayopitisha malori ya bandari. Kwa hiyo siku ya mchezo mkubwa ni siku ya kazi kwa trafiki wa mji mzima, na hata wa mji unaofuata. Malori yazuiwe mbali, mahali penye nafasi na maji, na madereva waelezwe saa watakayofunguliwa. Lori la mafuta lililokwama katikati ya watu 60,000 ni jambo lisilopaswa kuonekana hata mara moja.

Iko silaha moja zaidi, nayo haina gharama: ni habari. Mtu anayesukuma nyuma hajui kwamba mbele kuna mtoto ameanguka. Hajui kwamba lango limefungwa. Anadhani wenzake wanamchelewesha. Kipaza sauti kikimwambia kwamba mchezo umesogezwa mbele kwa nusu saa, hasira hupungua na miguu hupunguza mwendo. Kuchelewesha mpira kwa dakika 30 si aibu. Redio nayo ina wajibu wake hapa, kutangaza tangu siku iliyotangulia barabara zipi zitafungwa, mabasi yatasimama wapi, na kwamba uwanja ukijaa umejaa. Mpango ukibadilika, kama ulivyobadilika Nairobi mwaka 2025, askari wa duara la nje ndiye aambiwe kwanza, maana yeye ndiye atakayeonana na wananchi kabla ya wote.

Na tuseme wazi juu ya nguvu. Moshi wa machozi una mahali pake penye uwanda, ambapo mtu ana pa kukimbilia. Ukitupwa kwenye njia nyembamba kati ya ukuta na magari yaliyoegeshwa, huwageuza watu waliokuwa wakisukuma mbele wakasukumana pande zote, na wanaoanguka kwanza ni watoto, kina mama na wazee. Lango likizidiwa, mara nyingi amri ya kuokoa maisha ni ile inayoonekana kama kushindwa: fungueni, waingie, tiketi zitahesabiwa baadaye. Lakini kamanda hatalazimika kuitoa amri hiyo ikiwa asubuhi alipanga barabara yake vizuri.

Ndugu wasikilizaji, mwezi wa Septemba, 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja vipya vilianza kujengwa, mmoja wao Nairobi kando ya barabara ya Ngong, wenye nafasi ya watu 60,000 na uliosimamiwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Zege na nyasi si jambo gumu, wajenzi wapo. Jambo gumu ni ule muda wa saa nne kabla ya mchezo na saa mbili baada yake, ambao haujengwi na mkandarasi yeyote. Hujengwa na koplo aliyesimama juani kwenye njia panda, anayejua gari gani lipite na lipi ligeuzwe, na mwenye moyo wa kumkatalia mkubwa kwa heshima.

Askari huyo hatatajwa magazetini siku ya pili. Wafungaji wa mabao ndio watakaotajwa. Lakini watu 60,000 watakuwa wamelala majumbani kwao.